Usiitupe Mashine, Kagua Faili Kwanza

Kompyuta mpakato iliyotengenezwa mwaka 2011 bado inaweza kuonyesha filamu ya saa mbili bila kukwama hata mara moja. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu ndiyo kazi yangu. Natengeneza kompyuta Ngamiani, hapa Tanga, na mashine nyingi ninazoletewa ni za umri huo: Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad, zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya kabla ya kuja kwetu kama mitumba. Baadhi bado zina kibodi ya Kijerumani, ambayo herufi Z na Y zimebadilishana mahali. Wenye mashine huja wameshakata tamaa. Wameambiwa zimezeeka, video zinakatakata, Windows mpya haiingii, bora ziuzwe kwa kilo. Mimi huwaomba waniachie mashine pamoja na flashi yenye video zao, maana mara nyingi mashine haina kosa. Kosa limo kwenye namna video ilivyogandamizwa, na hilo linarekebishika.

Nitaeleza kwa kufuata mashine moja, Dell Latitude E6420 ya bibi mmoja wa Chumbageni. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, tundu la HDMI, na mlango wa kuingizia DVD ambao kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena. Bibi alikuwa na haja tatu. Ya kwanza ni nyimbo za taarab za Black Star na Lucky Star, ambazo mwanawe alizihamisha kutoka kwenye kaseti. Ya pili ni sanduku lake la filamu za Kibongo, DVD na VCD. Ya tatu, na hapo sauti yake ilibadilika, ni video ya harusi ya mjukuu wake, iliyopigwa kwa simu huko Dar es Salaam, ambayo hakuwahi kuiona ikaisha.

"Mwanangu, bibi harusi akianza kutembea tu, picha inaganda. Vigelegele navisikia, mtu simuoni."

"Usijali bibi," nikamwambia. "Maadamu sauti inaendelea, faili ni zima. Niachie, utamuona."

Kuhusu Windows sitakaa sana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa na chipu ya usalama ambazo mashine za 2011 hazina. Linux haina masharti hayo. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, na leo yapo makundi mengi yanayokitumia kutengeneza mifumo kamili inayotolewa bure. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 mimi huweka Linux Mint, toleo la Xfce, kwa kuwa ni jepesi na aliyezoea Windows hapotei ndani yake. Faili lake lina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hiyo lipakue mahali penye Wi-Fi ili bando lako lisiishie hapo. Ukishaliandika kwenye flashi kwa programu kama Ventoy au Rufus, unaiwasha mashine kupitia flashi hiyo na kujaribu kila kitu kabla hujagusa diski: sauti, Wi-Fi, mwangaza wa kioo. Nakili pembeni picha na nyaraka za mwenye mashine, maana diski itafutwa. Ndipo usakinishe. Katika kusakinisha kutatokea kisanduku kinachouliza kama unataka kodeki za muziki na video. Kitie alama. Kodeki ni kanuni ya kugandamiza na kufungua sauti au picha, na nyingi zilikuwa na hataza katika baadhi ya nchi. Ndiyo sababu hazimiminwi tu ndani bila kukuuliza.

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, hata ya GB 120. Halafu fungua feni. Vumbi la miaka kumi na zaidi huwa limejishona kwenye mapezi ya kupoozea, na ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na shaba imekauka kama chokaa. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na video ikianza kukwama baada ya dakika ishirini wakati mwanzo ilikwenda vizuri, hapo ndipo pa kutazama kabla ya programu yoyote.

Sasa programu zenyewe. Ya kwanza ni VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo wengi wanaijua kutoka Windows. Chimbuko lake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ya pili ni mpv, ambayo haina vitufe vingi wala mapambo, na kwenye mashine dhaifu mara nyingi ndiyo inayokwenda kwa wepesi zaidi. Ya tatu haina dirisha kabisa: FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Hii ndiyo hazina yenyewe, kwa sababu VLC na mpv zote huchota humo maarifa ya kufungua kodeki. Fungua dirisha la amri uandike:

sudo apt install vlc mpv ffmpeg vainfo

Neno la kwanza linaomba ruhusa ya msimamizi, na mfumo utakuuliza nenosiri lako. Usishangae herufi zisipoonekana unapoliandika. Yanayobaki yanasema sakinisha programu hizi nne (vainfo nitaieleza mbele) kutoka kwenye ghala rasmi la Mint. Nawasihi watu wasitoke nje ya ghala hilo kutafuta VLC kwenye kurasa zisizojulikana, maana kilicho ghalani kimetiwa sahihi na mfumo huikagua sahihi hiyo kabla ya kusakinisha. Najua amri za Kiingereza zinawatisha wengi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Natamani sana kazi ya namna ile ifike na kwenye programu za video, kwa sababu bibi wa Chumbageni anasoma Kiswahili na Kiarabu vizuri kabisa, na hakuna sababu ya kompyuta kumsemesha lugha ya tatu.

Turudi kwenye harusi. Mjukuu alipoona mwisho wa jina la faili ni MOV, alidhani akilibadilisha liwe MP4 litacheza. Vijana wengi hufanya hivyo. Lakini MP4, MOV, MKV ni kama kasha la nguo: kulibadilisha kibandiko hakubadilishi kilichokunjwa ndani. Kinachohitajika kujulikana ni kodeki iliyotumika kuikunja picha. Ndani ya VLC, video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linakupa jina la kodeki, upana na urefu wa picha, na idadi ya picha kwa sekunde. La harusi lilisema HEVC, nukta 3840 kwa 2160, picha 30 kwa sekunde.

Hesabu yake ni hii. Picha moja ya ukubwa huo ina nukta 8,294,400. Kila nukta ikichukua baiti tatu za rangi, picha moja ni karibu MB 25, na sekunde moja ya picha 30 inakaribia MB 750. Dakika moja ingejaza GB 45. Hakuna simu inayoweza kubeba harusi namna hiyo. Kodeki inachofanya ni kuhifadhi picha moja nzima, kisha kwa picha zinazofuata ikahifadhi yaliyobadilika tu: mkono ulioinuka, shela iliyosogea, ukuta wa nyuma ukiachwa ulivyo. Wakati wa kutazama, kompyuta inapaswa kuzijenga upya picha zote hizo kwa hesabu, 30 kila sekunde, bila kuchelewa. Ndiyo maana video iliganda bibi harusi alipoanza kutembea. Ukumbi ulipotulia palikuwa na machache ya kujenga. Msafara ulipoanza, kila kitu kilibadilika kwa pamoja. Sauti hesabu yake ni ndogo mno, ikawa inaendelea peke yake na vigelegele vyake.

Kanuni hizi zina umri. DVD zinatumia MPEG-2 ya miaka ya 1990. H.264 ilitoka mwaka 2003, HEVC na VP9 zikafuata mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Kila mpya hupata faili dogo zaidi kwa ubora uleule, na kila mpya hudai hesabu nyingi zaidi. Watengenezaji wa chipu hawaiachii prosesa kazi hii yote. Huweka ndani ya chipu ya picha sehemu maalumu inayojua kodeki fulani na kuzifungua kwa umeme kidogo sana. Chipu ya picha ya Latitude hii, Intel HD 3000, inaijua MPEG-2, VC-1 na H.264. HEVC haijui, wala isingeweza kuijua, kwa kuwa chipu ilitoka mwaka 2011 na HEVC ilikuja miaka miwili baadaye. Basi mzigo wote uliangukia prosesa yenye viini viwili, feni ikanguruma, picha zikadondoka.

Simu ndizo zilizoleta hali hii. Tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, iPhone zenye uwezo huo hurekodi kwa HEVC bila kumuuliza mwenye simu, mpaka abadilishe mipangilio ya kamera. Anayepiga haoni tofauti yoyote kwenye kioo chake. Anayeiona ni nyanya yake mwenye kompyuta ya zamani. Nawaomba vijana wanaopiga video za shughuli za familia wachague H.264 kabla ya kuanza, na wapunguze ukubwa hadi 1080. Kioo cha Latitude hii kina nukta 1366 kwa 768, yaani 1,049,088. Video ya harusi ilikuwa na nukta karibu nane kwa kila moja ambayo kioo kinaweza kuonyesha. Mashine ilikuwa inahangaika kujenga nane ili saba zitupwe.

Kujua chipu yako inajua nini, andika neno moja kwenye dirisha la amri:

vainfo

Utapata orodha. Ukiona mstari wenye VAProfileH264High ukifuatiwa na VAEntrypointVLD, chipu inaweza kufungua H.264. Ukitafuta HEVC usiione, umeshapata jibu la kwa nini video mpya zinakukatalia. Kwa chipu za Intel za kizazi cha pili, cha tatu na cha nne, kiendeshi kinachofaa kinaitwa i965-va-driver. Kuanzia kizazi cha tano kiko kingine, intel-media-va-driver. Kwenye Mint kwa kawaida vyote viwili vimeshakuwamo. Kisha ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye .config/mpv, tengeneza faili liitwalo mpv.conf lenye mstari mmoja:

hwdec=auto-safe

Hapo mpv itaikabidhi kazi chipu ya picha kila inapowezekana. Cheza video ya H.264 ubonyeze herufi i: takwimu zitatokea juu ya picha, na utaona kama vaapi, yaani njia ya kuitumia chipu ya picha, imetajwa na kama kuna fremu zinazodondoka. VLC tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 hufanya hivyo yenyewe.

Bado harusi ni HEVC. Dawa ni kuigeuza mara moja tu, iwe H.264 yenye ukubwa unaolingana na kioo. Amri niliyotumia ni hii:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset veryfast -crf 22 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k harusi.mkv

Sehemu ya scale inashusha urefu wa picha hadi nukta 720 na kuacha upana ujipange wenyewe. Kama video imepigwa simu ikiwa wima, weka 1280 badala ya 720, la sivyo itatoka nyembamba. Libx264 ndiyo inayoandika H.264. Namba ya crf inaamua ubora: ukiishusha faili linakuwa kubwa na zuri zaidi, ukiipandisha linakuwa dogo na hafifu, mimi huwa kati ya 20 na 23. Sehemu ya yuv420p wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini kazi ya usiku kucha haikusaidia. Simu nyingi mpya hurekodi rangi kwa biti 10, na chipu za zamani zinajua biti 8 tu. Bila maneno hayo utapata H.264 ya biti 10, ambayo HD 3000 nayo haiwezi kuifungua.

Nimeiandika MKV mwishoni kwa makusudi. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, hivyo umeme ukikatika katikati, betri nayo ikiwa imechoka, yote yaliyogeuzwa yanapotea. MKV iliyokatika huchezeka mpaka pale ilipofikia. Kwa hali ya umeme wetu huo ni ulinzi wa maana. Video ndefu kwenye mashine ya namna hii inaweza kuchukua usiku mzima. Iache mahali penye hewa, feni ikiwa safi, na usifute faili la asili. Lile litunze kwenye diski ya nje, kwa sababu ndilo lenye ubora wote na siku moja litachezwa kwenye kioo kikubwa.

Bibi alipokuja kuchukua mashine yake alikaa kwenye kiti changu akaitazama harusi yote. Alipoona watu wanamtunza bibi harusi alianza kunitajia majina yao mmoja mmoja, nani ni mtoto wa nani, nani amekuja kutoka Pangani. Nilisimamisha kazi nikamsikiliza. Kwa ajili ya saa kama ile ndiyo maana nachukia kusikia mashine nzima ikiitwa chuma chakavu.

DVD zilikuwa kazi nyepesi. Filamu nyingi za Kibongo nilizoziingiza hazikuwa na kufuli, na VCD zinatumia MPEG-1, ambayo hata kompyuta ya miaka ya 1990 iliiweza. DVD za kampuni kubwa za nje huwa na kufuli liitwalo CSS. Mwaka 1999 kijana wa Kinorwe, Jon Lech Johansen, alishiriki kutoa DeCSS, programu iliyolifungua kufuli hilo, akasema shida yake ilikuwa kutazama DVD kwenye Linux. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za Norwe zikamwachia huru. Kwenye Mint unasakinisha libdvd-pkg, kisha unaandika sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg, nayo inajipatia maktaba inayohitajika.

Taarab ilihitaji kitu kimoja tu: isitafutwe. Nilipanga nyimbo kwenye orodha ya M3U, ambayo ni maandishi matupu yenye majina ya mafaili, nikaiweka mezani kwenye kioo kwa herufi kubwa, ikifunguka kwa Audacious. Sauti isipotoka kabisa, andika alsamixer. Ukiona MM chini ya nguzo, sauti imezimwa, bonyeza M. Ukiunganisha televisheni kwa HDMI na sauti ikabaki kwenye kompyuta, fungua pavucontrol, nenda kwenye sehemu ya mwisho, chagua HDMI.

Wa YouTube nao wana njia. YouTube hupendelea kutuma VP9 au AV1, zote ngeni kwa chipu ya 2011. Kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify huiambia itume H.264, na feni inanyamaza mara moja.

Ziko mashine ambazo siziahidi video ya leo. Zile ndogo zenye Atom N270 ya mwaka 2008 ni za biti 32, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Hizo nazipa Debian 12 bila madirisha wala mapambo, nasakinisha cmus inayoendeshwa kwa kibodi tupu, natoa waya kwenye tundu la spika za masikioni hadi kwenye redio ya nyumbani, na zinapiga MP3 mchana kutwa.